Hadithi Ikihamia Kwenye Kioo

Zamani msimamo wangu ulikuwa mmoja: anayegeuza kitabu kuwa filamu asiguse hata nukta. Akigusa, mwizi huyo. Walionitikisa ni Wajapani wawili, wote watunzi wa manga, yaani hadithi za katuni za vitabuni.

Wa kwanza ni Hiromu Arakawa. Mwaka 2001 alianza kuchapisha Fullmetal Alchemist, kisa cha ndugu wawili waliojaribu kumfufua mama yao, wakalipa kwa miili yao. Mwaka 2003 kisa kikawa anime, katuni ya televisheni, wakati manga yenyewe haijafika hata nusu. Watengenezaji wakatunga mwisho wao, na Arakawa akaridhia. Mwaka 2009 ikaja anime nyingine, iliyoufuata mwisho wa mwandishi. Mpaka leo wapenzi wanabishana ipi kali zaidi. Sasa hapo mwizi nani?

Wa pili ni Hinako Ashihara. Manga yake, Sexy Tanaka-san, iliigizwa na watu kwenye televisheni mwaka 2023, nayo ilikuwa haijaisha. Aliweka sharti: fuateni nilichoandika. Kwa maelezo yake, miswada iliyomfikia ilikuwa imegeuzwa mno, akawa anasahihisha na kusahihisha, hadi vipindi viwili vya mwisho akaviandika mwenyewe. Januari 2024 aliyaeleza hayo hadharani. Siku chache baadaye alikutwa amefariki. Mimi si hakimu wa kifo hicho. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Hebu tazama: aliyebadilishiwa mwisho mzima ni Arakawa, wala hakulalamika. Kubadilisha, basi, si dhambi. Tena hakuepukiki. Kwenye manga naweza kukaa na picha moja dakika tano. Kwenye kioo muda ni wa mwongozaji, lazima akate na kuongeza. Dhambi ni kuvunja sharti ulilolikubali.

Mtaniambia, akishapokea hela si ameuza? Jamani, mwenye nyumba akikupangisha chumba, hajakuruhusu kubomoa ukuta.

Nina madaftari matatu ya riwaya chini ya kitanda, na hakuna anayeyataka. Siku akija mtu na kamera, naogopa nitasaini bila kusoma, kwa njaa tu. Ndiyo maana nasema haya leo, kabla njaa haijanisemea.