Baraza ni Hisani au ni Haki?

Tulikwenda Ruiru kumzika kijana wa kwetu, mtu wa pwani, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja huko Thika. Mazishi hayakuwa na taabu. Taabu ilianza tuliporudi makaburini, kwani watu walipita arubaini, na nyumba ya marehemu ilikuwa chumba na sebule katika ghorofa ya nne. Bawabu alikataza watu wasikae ngazini. Mwenye jengo akapigiwa simu, akajibu kwa adabu kwamba wapangaji wengine wataudhika. Basi wanaume tukakaa kando ya barabara juu ya makreti ya soda tuliyoazimwa na mwenye duka, na wanawake wakapanda juu ya paa, wakatandika mikeka chini ya kamba za kuanikia nguo. Jirani mmoja Mkikuyu, asiye wa dini yetu, alituletea chai pale pale barabarani.

Usiku ule mmoja katika sisi alisema: "Msimlaumu mwenye jengo. Nyumba ni mali yake. Akitupa mahali pa kukaa ni hisani, asipotupa hakutudhulumu." Maneno haya yalitunyamazisha, kwani ukiyapima kwa haki ya mwenye mali ni kweli. Walakini tumeyafikiri tangu siku ile, na twaona yana upungufu.

Yatakiwa kwanza kujua mji ule ulivyojengwa. Ruiru ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa. Hata leo kuna mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa na watafiti wa huko mwaka 1985. Mashamba mengi yakanunuliwa, yakakatwa viwanja, na aliyepata kiwanja akajenga mpaka kwenye bikoni. Barabara kuu ya Nairobi na Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, watu wakazidi kumiminika. Hisabu ya watu ya 2009 ilikuta watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikakuta 490,120, ukawa mji wa nne katika Kenya, mbele ya Eldoret na Kisumu. Hatusemi kwamba hapana wizi. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kote nchini, na jambo hilo halina mjadala: mwizi ni mwizi. Mas'ala yetu ni magumu kuliko hayo. Huyu alijenga chake kwa halali, na yule chake kwa halali, na jumla ya halali zote hizo ni mtaa ambao maiti akitoka, waliobaki hawana pa kukaa. Nani basi wa kuulizwa?

Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawakuwa matajiri wa nafasi. Boriti za mikoko hazikuwaruhusu chumba kipana kuliko kama mita 3, na vichochoro vyao ni vyembamba. Pamoja na dhiki hiyo, mwenye nyumba ya mawe alitoa sehemu ya mbele akajenga daka, na humo akaweka mabaraza mawili ya mawe na chokaa, kulia na kushoto. Tazama mahali pake: baraza iko nje ya mlango. Mgeni akaa kwa heshima bila kuingia katika sitara ya nyumba, na mwenye nyumba hana haja ya kumfungulia wala kumfukuza. Hapana ufunguo, hapana kodi. Wanawake nao, huko Lamu, walikuwa na wikio, daraja la juu liungalo nyumba na nyumba, wakatembeleana bila kushuka njiani. Wala bara hawakuwa wajinga wa jambo hili: Mkikuyu wa zamani alikuwa na thingira, nyumba ya baba, ambamo wageni walipokewa na vijana wakafunzwa.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwahadharisha masahaba wasikae njiani. Waliposema hawana budi na vikao vyao, hakuwatawanya. Aliwaamuru waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kutoudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Twafahamu katika hayo kwamba haja ya watu ya kukaa pamoja ilikubaliwa, kisha ikatiwa adabu. Na jambo ambalo watu hawana budi nalo haliwezi kuachwa likangojea ukarimu wa mtu mmoja, siku apendapo. Hisani ilikuwa ile chai ya jirani. Mahali pa kuinywea ni haki ya mtaa, na deni lake li juu ya wote waliogawana ile ardhi, si juu ya mwenye jengo yule peke yake.

Wako watakaosema kwamba vikao huzaa fitina na mirungu. Ni kweli, tumeyaona. Lakini asiye na baraza haachi kukaa; huenda panapouzwa kiti. Huko Thika hoteli ya Blue Posts ipo tangu 1908, penye maporomoko ya maji, na mwanzo wake ilikuwa kituo cha walowezi wa Kizungu. Leo yeyote mwenye fedha aingia, na hilo ni jema. Mfiwa asiye nazo bado yu nje. Kadhalika ukumbi wa kukodi, ambao ufunguo wake u ofisini, wafaa kwa harusi, wala hautoshi kwa msiba, maana msiba haupangi siku. Katiba ya 2010 yaamuru wananchi washirikishwe katika mambo ya kaunti zao. Nasi twauliza: washirikishwe wamekaa wapi?

Wala tusiwacheke watu wa bara. Katika Mombasa yetu tumeona kuta mpya zenye vipande vya chupa juu yake, na mabaraza ya kale yakivunjwa ili gari lipate mahali. Tumeona misikiti ikifungwa mara tu baada ya Isha. Na ukiuliza wanawake wakae wapi, utaambiwa "nyumbani", kana kwamba nyumbani ni pana.

Baada ya msiba ule vijana wa Ruiru walituuliza: wamechanga fedha za mnara wa msikiti wao, je, yafaa wazitumie kujenga baraza yenye kivuli nje ya ukuta, upande wa barabara, akae apitaye, Mwislamu na asiye Mwislamu, na nyingine ya wanawake upande wa pili? Tumewajibu kwamba baraza hiyo twaipenda kuliko mnara, na kiwanja chake kiandikwe wakfu kisije kikauzwa. Lakini fedha iliyotolewa kwa nia ya mnara haigeuzwi bila idhini ya mtoaji. Warudieni watoaji mmoja mmoja muwaulize, na atakayekataa, fedha yake ibaki ya mnara.