Mgeni na Taratibu za Nyumba

Ukarimu wa Kikristo ulikuwa na mipaka tangu mwanzo. Didake, mwongozo wa kale wa kanisa, unaagiza msafiri akaribishwe siku mbili, au tatu ikibidi. Anayetaka kuhamia afanye kazi ndipo ale. Waswahili nao humpa mgeni jembe siku ya tatu, bila kuisoma Didake.

Kwa watu wa Morotonga na wilaya ya Serengeti kwa jumla, suala la kumpokea mgeni lina uzito wa pekee. Mjini Mugumu, Dayosisi ya Kianglikana ya Mara ilifungua nyumba salama mwaka 2014 kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao hupamba moto Desemba, shule zikifungwa. Lakini mgeni wa namna hii hahesabiwi siku. Anafika na nguo aliyovaa, na huenda ndugu wanamfuata nyuma.

Familia inayompokea usiku haina budi kumweleza mapema: atalala na nani, nani hufungua mlango, na kwamba dawati la jinsia la polisi litajulishwa. Kuosha vyombo kwa zamu na watoto wa nyumbani ni sawa. Kumfanya hausigeli si ukarimu. Kwenye sala ya jioni akaribishwe, asilazimishwe, maana ugali si malipo ya kuokoka.

Mtume Petro aliagiza ukarimu usio na manung'uniko, na manung'uniko mengi huanzia jikoni. Anayesonga ugali wa sufuria ya pili ni mama mwenye nyumba, hivyo ridhaa yake itangulie ahadi ya baba au ya mchungaji.