Kumruka Msimamizi na Kumwendea Mkubwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Baada ya hayo:

Katika darasa yetu limeulizwa mara nyingi suali hili. Mtu ameandikwa kazi bandarini, au dukani, au hotelini, akaona kwa msimamizi wake jambo asiloliridhia. Je, yafaa amruke msimamizi huyo amwendee mkuu wa kampuni mwenyewe, au yampasa anyamaze mpaka apewe ruhusa? Suali hili si dogo, kwani ndani yake mna riziki za watu na heshima za watu, na vyote viwili ni amana.

Watu katika jambo hili wamekuwa mafungu mawili. Wako wasemao kuwa kumpita msimamizi ni utovu wa adabu kwa hali yoyote. Na wako walioufanya mlango wa mkubwa kuwa ngazi ya kupandia: kila siku wana neno la kumpelekea, na ndani ya kila neno mna jina la mwenzao. Mafungu yote mawili yameiacha njia.

Ama fungu la kwanza, na wamtazame Bibi Khawla binti Tha'laba, Mungu amwie radhi. Mumewe alipomtamkia neno la kijahiliya la kumfananisha na mgongo wa mamake, bibi huyu alikwenda mwenyewe kwa Mtume, s.a.w., akamshitakia na kujadiliana naye. Hakuambiwa arudi akatafute mtu wa kumsemea. Sura ya 58 ya Qur'ani ikashuka, na mwanzo wake ni habari ya kuwa Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno yake. Na katika Sura ya 4, aya ya 148, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha akamtoa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Na Mtume, s.a.w., alipompeleka Muadh bin Jabal Yaman, alimhadharisha na dua ya mwenye kudhulumiwa, kwani haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Basi malalamiko yasiyozuiwa mbinguni, vipi yazuiwe na bawabu wa ofisi?

Sayyidna Umar, r.a., alipopata habari kuwa liwali wake wa Kufa, Saad bin Abi Waqqas, amejijengea jumba lenye mlango wa kumtenga na watu, wamepokea wanahistoria kuwa alimtuma Muhammad bin Maslama akauchome moto mlango ule. Na Saad ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Heshima ya mtu haikuwa sababu ya kuwafungia watu mlango.

Ama fungu la pili, hao ndio walioingiza sumu makazini mwetu. Humwona mtu, imamu ametoa salamu ya sala ya Ijumaa, hata uradi hakuumaliza, amekwisha mshika mkono tajiri wake aliyeswali naye safu moja, anamnong'oneza habari za karani mwenzake. Safu ile imewekwa ili tajiri na kuli wasimame sawa mbele ya Mola wao. Yeye ameigeuza soko la fitina. Mtume, s.a.w., ametufundisha kuwa mfitini hataingia Peponi, na hakuvua katika hukumu hiyo fitina ya kazini.

Basi mwenye kutaka kwenda kwa mkubwa na ajipime kwa mambo matatu. La kwanza: hili ni dhuluma kweli, au ni chuki na tamaa ya cheo cha mwenzangu? La pili: je, nimemwambia mhusika mwenyewe kwa faragha, naye akakataa kusikia? La tatu: je, maneno haya naweza kuyasema naye yupo, ananitazama usoni? Akiona atayasema nyuma tu, na ajue kuwa anakwenda kusengenya.

Lakini hilo la pili lina mipaka yake. Msimamizi anayekata mishahara ya watu akaitia mfukoni mwake, au anayemtaka mwanamke kwa nguvu ya kazi yake, hawi mtu wa kuombwa ruhusa ya kushitakiwa. Huyo huendewa mkubwa wake moja kwa moja, na kumnyamazia ni kumsaidia.

Na nyinyi wakubwa, fungu lenu la jukumu ni zito zaidi. Katika Sura ya 38 mna kisa cha wagomvi wawili walioukwea ukuta wakamwingilia Nabii Daud, a.s., katika mihrabu yake. Mmoja alieleza habari ya kondoo wake mmoja na tisa na tisini wa nduguye, na Daud akatoa hukumu. Kisha akatambua kuwa alikuwa anajaribiwa, akaomba msamaha na kusujudu. Wako wanavyuoni waliosema kuwa jaribio lilikuwa ni kuhukumu kabla ya kumsikiliza wa pili. Naye Sayyidna Ali, alipotumwa Yaman kuwa kadhi, aliusiwa na Mtume, s.a.w., asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie mwenzake.

Hivyo ndivyo alivyofanya Umar watu wa Kufa walipomshitaki Saad kwake. Alimwondoa kazini, akamsikiliza mwenyewe, na akapeleka watu wa kuuliza habari zake msikiti baada ya msikiti, hadharani. Na alipokuwa karibu kufa alisema wazi kuwa hakumwondoa Saad kwa udhaifu wala kwa hiana. Aliyepokea mashitaka aliyachunguza, kisha akaichunga heshima ya aliyeshitakiwa. Wangapi kati yenu hufanya hivyo?

Hata sheria ya nchi yetu imekaribia maana hiyo. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, yamtaka mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mwenziwe akiwapo, na asikilizwe kwanza. Na kifungu cha 46 chakataza kumfukuza mtu kwa kuwa amemshitaki mwajiri wake, ila ikithibiti kuwa mashitaka yake hayana msingi.

Na milango ikifungwa, mambo hayafi. Hutokea kwa njia nyingine. Januari 1947 wafanyi kazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi kwa karibu wiki mbili, na mji ukasimama, ndipo likaundwa baraza la kuangalia mishahara yao. Asiyesikiliza mmoja mlangoni atawasikiliza maelfu njiani.

Basi ndugu zangu, aliyedhulumiwa na aende wala asiogope. Mwenye fitina na arudi atubu. Na mkubwa na afungue mlango wake, na masikio yake yote mawili. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli na kuhukumu kwa haki. Wabillahi tawfiq.