JE, BAHARI ITAIFICHA DAMU?

Usiikunje karatasi hii ukafungia karanga kabla hujaisoma. Isome mpaka mwisho, halafu mpe jirani.

Leo nakuletea habari za mwanamke mmoja mwimbaji. Hakuwa mlokole. Alikuwa Mwislamu wa Unguja, mwimba taarabu. Najua wapo wapendwa watakaoruka: "Mwinjilisti, taarabu imeingiaje hapa?" Tulia, mpendwa. Bwana Yesu alipotaka kufundisha maana ya jirani, alimtoa Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake hawakutaka hata kunywa naye maji (Luka 10). Basi na sisi tusikilize.

SITI NI NANI?

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mwaka 1880 hivi, katika ukoo wa watumwa waliotoka Bara. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hebu fikiri! Mtoto anaitwa kuja kula, anaitwa Mtumwa. Hakusoma shule. Alifinyanga vyungu, akavibeba kichwani, akatembea navyo kijiji kwa kijiji akiviuza kwa kuita. Watu wanasema sauti ile ilikomazwa na njia.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akafundishwa kuimba pamoja na wapiga ala, akapata jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Walikuwepo waliomcheka kwa asili yake na kwa sura yake, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay, India, wakarekodi santuri za Kiswahili. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa, yeye akaiweka katika lugha ya muuza vyungu. Akafariki mwaka 1950. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Na wanahabari wanawake wa TAMWA walipoanzisha gazeti lao, waliliita Sauti ya Siti.

Unaona? Aliyeitwa Mtumwa amekuwa jina la heshima. Mungu humwinua mnyonge kutoka mavumbini.

WIMBO ULIOTAJA JINA

Sasa sikiliza kwa makini. Miongoni mwa nyimbo zake za zamani upo mmoja uitwao Kijiti. Huo haukuwa wimbo wa mapenzi wala wa harusi. Ulisimulia jambo lililotokea Unguja wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Mwanamke mgeni kutoka Bara alichukuliwa kwenda ngomani. Akapelekwa vichakani, akatendewa unyama, akarudishwa maiti. Na tumboni alikuwa na mimba. Roho mbili, ndugu yangu!

Aliyefanya hivyo alivuka bahari akakimbilia Bara. Wenyeji wa marehemu wakaenda mahakamani kudai haki. Na je, haki waliipata? Wao ndio waliotiwa hatiani, eti kwa sababu ya pombe ya siku ile. Muuaji yuko huru ng'ambo, mashahidi wako gerezani.

Siti alifanya nini? Hakuwa na cheo, hakujua kusoma, wala mahakama haikuwa yake. Alikuwa na sauti tu. Akasimama akaimba, na hakuimba kwa mafumbo kama ilivyo desturi ya taarabu. Alimtaja mtu kwa jina. Akamweka na hakimu hadharani. Wimbo ule uliwachoma watu, na ulipaswa kuwachoma. Hata Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba uzeeni. Faili la kesi lilifungwa zamani, lakini wimbo haukufungwa.

Msomaji, huo ndio urithi wa Siti ninaotaka uushike leo. Sauti nzuri ni kipaji, wengi wanacho. Yeye aliitumia yake kumsemea aliyekwisha nyamazishwa. Soma Mithali 31:8, utaona kwamba kumfumbulia kinywa asiyeweza kusema ni amri.

BAHARI SI KIFUNIKO

Hapa Songo Songo tunaijua bahari. Kijana akiharibu jambo usiku, alfajiri yumo kwenye mashua ya Kivinje, au ameondoka na dago lake kwenda kisiwa kingine. Watu wanasema, "Ameshavuka, yamekwisha." Yamekwisha kwa nani?

Yona alipanda merikebu Yafa amkimbie Mungu, na Mungu akamkuta katikati ya maji (Yona 1). Kaini alimuua ndugu yake akadhani ardhi itanyamaza, kumbe damu ilikuwa inalia mpaka mbinguni (Mwanzo 4:10). Na wewe mwenye siri kama hiyo, angalia mlangoni kwako. Gesi ya kisiwa hiki ililala chini ya mwamba, hakuna aliyeijua. Mwaka 1974 wakachimba, ikaonekana. Mwaka 2004 ikapita kwenye bomba la zaidi ya kilomita 200 ikaenda kuwasha umeme Dar es Salaam. Ikiwa binadamu anaweza kutoa lililofichwa chini ya bahari, Mungu atashindwa na lililofichwa kifuani mwako?

WEWE UKO WAPI KATIKA WIMBO HUU?

Usiseme, "Mimi sikuua." Katika kisa kile hakuwemo Kijiti peke yake.

Yumo hakimu. Huyo ndiye mtu anayeambiwa kwamba binti ameharibiwa, naye anauliza, "Alivaa nini? Alifuata nini kule? Nani alimnywesha?" Anamhukumu aliyeumizwa. Mahakimu wa namna hiyo hawakai mahakamani tu. Wapo barazani, wapo kisimani, wapo hata kwenye viti vya mbele kanisani.

Yumo jirani aliyesikia akanyamaza. Absalomu alimwambia dada yake Tamari anyamaze kwa kuwa mkosaji ni ndugu (2 Samweli 13). Binti yule akakaa ukiwa nyumbani. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo! Mtoto wa watu ameharibiwa, wazee wa pande mbili wanakaa, fedha zinahesabiwa kwenye mkeka, mtu anasema, "Tumemalizana kifamilia." Mama yake akaenda kuvua pweza analia kwenye maji, asionekane. Nakuuliza, baba: hizo hela zilimponya nani? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na yumo mgeni. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni naye anapona kwetu? Msichana aliyekuja kuuza chakula kwenye dago, mfanyakazi wa ndani aliyeletwa kutoka mbali, hana shangazi hapa wala mjomba. Soma Waamuzi 19, habari za mwanamke mgeni kule Gibea. Mji mzima uliingia katika maangamizi kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemfungulia mlango usiku. Usimfanye mgeni kuwa mtu asiye na mwenyewe. Mwenyewe ni Mungu.

FANYA HIVI LEO

Siti alikuwa na wimbo tu. Wewe una zaidi. Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi hii inasema mtu mzima aliyetiwa hatiani kwa kubaka afungwe miaka isiyopungua 30. Akisema kwamba mtoto wa shule "alikubali", hilo halimwokoi. Polisi wapo, na dawati la jinsia na watoto lipo. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, kupiga ni bure. Mpeleke aliyeumizwa hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI inataka ianzwe ndani ya muda huo. Asioge kwanza wala asifue nguo. Usimpeleke kwanza barazani.

Na wewe uliyetenda, ukavuka, ukaoa, ukafuga na ndevu za heshima: rudi! Toba si kulia mkutanoni tu. Zakayo alipotubu aliahidi kuwarudishia watu aliowadhulumu (Luka 19). Nenda ukaseme kweli mbele ya serikali, na msalabani hutakataliwa.

Na wewe binti unayesoma hapa ukitetemeka: kosa si lako. Sema. Ukinyamazishwa na mmoja, mwambie wa pili. Yule mjane wa Luka 18 hakuchoka kumgongea hakimu mbaya, na Bwana alimsifu.

Omba nami sasa, kwa sauti yako mwenyewe: "Ee Mungu, wewe unaisikia damu ambayo watu wameifunika. Nisamehe kimya changu. Nipe kinywa. Nifanye mwenyeji mwema kwa mgeni na kwa mtoto wa mwenzangu. Amina."

Umeomba? Basi inuka. Yupo mtu jirani yako anayengoja useme.