Wewe Utaangalia Tu: Haki Katika Bei ya Bustani

Getini, mapatano ya kazi ya bustani huenda haraka. Kijana ameshika fyekeo, mwenye nyumba ana funguo za gari mkononi na anachelewa kazini. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hapo mbele pote, pamoja na kupunguza michongoma, utachukua ngapi?" Kijana anatazama nyasi, anaitazama nyumba, kisha anatoa jibu linalosikika kila mtaa wenye mageti, Mikocheni hata Nyali: "Wewe utaangalia tu, mama." Mama anaitikia, kazi inaanza. Hakuna aliyetaja shilingi.

Jibu hilo lina adabu ndani yake. Lina pia hofu: kijana akitaja kubwa atafukuzwa, akitaja ndogo atajipunja. Na nyuma ya hofu hiyo limekaa swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi. Bei ya kazi ya mtu hutoka wapi? Na wawili wakishakubaliana, je, haki imekwisha kutendeka?

Fikihi ya Kiislamu inaanzia hapo hapo getini. Katika mlango wa ijara, yaani mkataba wa kukodi na kuajiri, mafakihi wameshurutisha ujira ujulikane kabla jembe halijagusa udongo, kwa sababu kutojulikana kwake ni gharari, na gharari huzaa ugomvi na dhuluma. Mapatano ya "utaangalia", kwa wengi wao, yana kasoro, isipokuwa pale ambapo bei ya kazi hiyo imeshajulikana kwa desturi ya mahali. Hata hivyo kasoro hiyo haimwachi mfanyakazi mikono mitupu. Akishamaliza kazi anastahili ujira wa mfano, yaani kile ambacho kazi kama ile hulipwa mahali pale na wakati ule. Maana yake ni nzito kwa mama wa getini: hana ruhusa ya kutoa alichojisikia kutoa na kukihesabu kuwa wema. Anadaiwa, na kiasi cha deni kinaweza kuulizwa kwa majirani.

Qurani yenyewe, katika Sura Al-Qasas, inasimulia ajira ya Musa kwa mzee wa Madyan. Muda unatajwa waziwazi, miaka minane. Ikitimia kumi, hiyo ni hiari ya Musa. Tena mwajiri anatamka kwamba hataki kumtaabisha. Kitabu cha Mwanzo kina mwajiri wa namna nyingine kabisa, Labani, ambaye Yakobo alimlalamikia kwamba amebadilisha ujira wake mara kumi. Akina Labani hawajaisha. Asubuhi kazi ilikuwa kufyeka nyasi. Saa sita imeongezwa kuzibua mtaro. Saa tisa kuhamisha vyungu vya maua kutoka barazani. Na jioni pesa ni ile ile ya nyasi. Kila nyongeza ilikuja kwa sauti ya upole, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuikataa.

Basi tuseme bei imetajwa, na pande zote mbili zimekubali. Papa Leo wa 13 aliliangalia jambo hilo katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alipoandika juu ya wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya. Hoja yake ilikuwa kwamba ipo haki iliyotangulia mapatano yoyote: ujira usipungue kiasi cha kumwezesha mfanyakazi mwenye kiasi kuishi. Mtu anayekubali chini ya hapo kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, kwa Papa Leo ametendewa nguvu, hata kama ametikisa kichwa kukubali. Hoja hiyo inamhusu kijana wa fyekeo kuliko inavyoonekana. Aliyeamka bila unga nyumbani hawezi kupatana kama mtu aliyeshiba. Neno "amekubali mwenyewe", linalotumiwa sana kufunga mjadala, halifungi kitu.

Serikali zimejaribu kuchora mstari wa chini. Kenya inamtaja mtunza bustani kwa jina katika amri yake ya jumla ya mishahara, kundi moja na mfagiaji, mlinzi wa mchana na mtumishi wa nyumbani. Kuanzia Mei 2022 kima chake cha chini cha mwezi katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa kilikuwa shilingi 15,201.65, bila posho ya nyumba. Wakati huo huo kibarua asiye na ujuzi katika shamba la kilimo, chini ya amri nyingine, aliwekewa shilingi 7,544.66. Jembe ni lile lile na jua ni lile lile. Anayepalilia maua ya kutazamwa akahesabiwa karibu mara mbili ya anayepalilia chakula.

Tanzania nayo, katika amri ya mshahara ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023, iliwagawa wafanyakazi wa majumbani kwa kumtazama mwajiri. Aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa aliwekewa shilingi 250,000 kwa mwezi. Wa afisa anayestahili huduma hiyo, 200,000. Wa mtu wa kawaida, asiyelala kwa mwajiri, 120,000. Na anayeishi humo humo, 60,000. Mantiki ya kitawala inaeleweka. Mwenye uwezo alipe zaidi, na anayepewa chumba na chakula amelipwa sehemu kwa njia hiyo. Lakini mtu mwenye kufikiri hawezi kupita hapa bila kusimama. Kama uwezo wa mwajiri ndio unaopanga, basi thamani haiko katika kazi. Na kama chumba cha uani ni malipo, nani amekipima thamani yake, na mfanyakazi anaweza kukikataa achukue pesa?

Mistari hii ya sheria ni sakafu, na heri iwepo. Ila imetungwa kwa ajili ya mwezi, ilhali watu wengi wa bustani wanaishi kwa kutwa au kwa ngwe. Hapo ndipo mfano wa shamba la mizabibu, katika Injili ya Mathayo sura ya 20, unapotoa mwanga ambao amri ya mishahara haiwezi kutoa.

Mwenye shamba anatoka alfajiri kuajiri watu kwa dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, saa ambazo msomaji wa Kiswahili anazijua kwa jua lenyewe. Jioni wote wanapokea dinari moja. Waliochomwa na jua tangu asubuhi wananung'unika, na manung'uniko yao yana uzito. Mahubiri mengi huwapuuza haraka mno. Lakini tazama jibu la wale wa saa kumi na moja walipoulizwa kwa nini wamesimama tu mchana kutwa. Hakuna aliyetuajiri, walisema. Hawakuwa wavivu. Walikuwa pale pale sokoni, na kusubiri kwao kulikuwa sehemu ya siku yao ya kazi, ila isiyo na mlipaji. Unga wa familia ya aliyeajiriwa jioni haupungui bei. Kimapokeo mfano huo ni wa neema ya Mungu, na haufai kugeuzwa kuwa jedwali la mishahara. Hata hivyo anayesimama kijiweni na jembe lake siku tatu ili apate kazi siku ya nne anajua kabisa kwamba bei ya siku ya nne lazima ibebe zile tatu. Mwenye nyumba anayesema "kwa saa nne tu unataka zote hizo?" anahesabu saa alizoziona.

John Ruskin, mwandishi wa Uingereza, alichukua jina la kitabu chake Unto This Last cha mwaka 1862 kutoka katika mfano huo huo. Mwaka 1904 Gandhi alipewa kitabu hicho na rafiki yake katika stesheni ya Johannesburg, naye akakisoma safarini kuelekea Durban. Akashuka akiwa ameamini kwamba kazi ya wakili ina thamani sawa na ya kinyozi, na kwamba maisha ya mwenye kushika jembe ndiyo yanayofaa kuishi. Mwaka huo huo alianzisha makazi ya Phoenix, ambako nia ilikuwa wote wafanye kazi za mikono na kupata ujira mmoja.

Na bado Ruskin huyo huyo alijikwaa juu ya jambo hili la thamani ya kazi. Mwaka 1877 aliukejeli mchoro wa James Whistler ulioonyesha fataki usiku katika bustani ya Cremorne, London, akilaumu bei yake ya gini 200. Whistler alimshtaki. Mahakamani, mwaka 1878, alipoulizwa kama pesa zote hizo ni za kazi ya siku mbili, alijibu kwamba anazidai kwa ajili ya ujuzi wa maisha yake yote. Alishinda kesi, ingawa fidia aliyopewa ilikuwa farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote.

Jibu la Whistler ndilo analolihitaji fundi bustani anapoandika makadirio yake. Mteja huona lori la udongo, samadi, miche, nyasi za kupandikiza na vibarua. Hivyo vyote vina bei katika vitalu vya Barabara ya Ngong na kwingineko. Kisichoonekana ni kujua maji ya masika yatatuama wapi, mti gani utapasua karo la maji taka baada ya miaka kumi, ukoka upandwe wapi na wapi kivuli kitauua. Fundi akikagua kiwanja na kutoa ushauri, mara nyingi hulipwa soda. Anaposhika jembe ndipo anapoonekana kuwa ameanza kazi. Kukosa heshima huko kuna historia: katika nyumba za kikoloni mtu wa bustani aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu, na jina la shambaboi halijafutika. Anayemwita mzee wa miaka 55 hivyo ameshaipunguza bei yake kabla ya kupatana.

Swali gumu kuliko yote ni hili: bustani ikistawi, ustawi huo ni wa nani?

John Locke, katika Insha yake ya Pili juu ya Serikali iliyotoka 1689, alifundisha kwamba kitu huwa mali ya mtu pale anapokichanganya na kazi yake. Akatoa mifano mitatu mfululizo: nyasi zilizoliwa na farasi wake, mabonge ya majani yaliyokatwa na mtumishi wake, na madini aliyoyachimba mwenyewe. Yote, kwa Locke, ni mali yake yeye. Mtumishi ametajwa katikati ya farasi na bwana, na kazi yake imemezwa bila neno. Falsafa iliyojengwa juu ya jasho ikalisahau jasho la aliyekata majani.

Linganisha na hadithi ya watu watatu wa pangoni, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo watoto wengi wa madrasa wa pwani wameisikia. Jiwe limewafungia mlango, na kila mmoja anamwomba Mungu kwa tendo lake jema. Wa tatu alikuwa mwajiri. Kibarua wake aliondoka bila kuchukua ujira wake, kipimo cha nafaka tu. Mwajiri akaipanda nafaka ile, ikazaa, ikawa ng'ombe na mchungaji wake. Miaka ikapita, kibarua akarudi kudai, na mwajiri akamwonyesha mifugo yote: chukua, hii ni yako. Kibarua akadhani anafanyiwa dhihaka. Wengi wa wanazuoni wanaliona tendo lile kuwa hisani iliyopita wajibu, na hakuna haja ya kumdai kila mwenye nyumba amgawie fundi wake sehemu ya maembe. Lakini hadithi inakataa kile ambacho Locke alikichukua kirahisi. Ujira uliokaliwa unaendelea kuwa wa mwenyewe, na faida iliyozaliwa nao inamkumbuka. Anayechelewesha malipo ya bustani mwezi mzima, huku pesa ile ikizunguka katika biashara yake, amekopa kwa mtu asiyeulizwa.

Haki hii inamlinda mteja pia. Bei inayopanda kwa sababu gari lililoegeshwa ni jipya haina msingi katika kazi. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliandika kwamba muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana haja kubwa, kwani hawezi kuuza kisicho chake. Na samadi ya nusu lori iliyoandikwa lori zima imo katika onyo la Sura Al-Mutaffifin juu ya wapunjao vipimo.

Anabaki mtu mmoja ambaye mijadala hii humsahau: mwalimu mstaafu mwenye kiwanja kidogo, anayependa maua na hana uwezo wa makadirio aliyoletewa. Je, haki inamnyima bustani? Hapana, inamwelekeza mahali pa kupunguza. Huyu asishushe ujira wa siku, apunguze ukubwa wa kazi. Nyasi za mita za mraba 100 zikinyweshewa milimita 25 kwa juma hunywa lita 2,500. Za mita 40 hunywa lita 1,000, na kazi ya kuzifyeka inapungua vivyo hivyo. Miche ya asumini inaweza kukatwa kwa jirani. Upandaji ukisubiri masika ya Machi, mvua hubeba sehemu ya gharama ya maji hadi Mei. Fundi aitwe kwa siku mbili zinazolipwa kamili, bei ikiwa imetajwa kabla hajaweka mfuko wake chini, na siku ya tatu iachwe hadi pensheni ijayo.