Hodi Mbele ya Kamera

Mtu aliyeinunua kamera kwa fedha yake, akaichomeka kwa waya wa USB katika kompyuta yake inayoendeshwa na Linux, kisha akajibiwa kwamba hana ruhusa ya kuitumia, hughadhibika kana kwamba amezuiliwa kizingitini mwa nyumba yake mwenyewe; nami nilighadhibika vivyo hivyo, kabla sijajiuliza kama milki na idhini ni kitu kimoja.

Katika mfumo ule, ulioasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991, chombo kama hiki huonekana kwa sura ya faili, /dev/video0, na aghalabu hutiwa chini ya mtumiaji mkuu, root, pamoja na kundi liitwalo video. Ukiingizwa kundini ili upate idhini, huna budi kutoka na kuingia upya, kwa kuwa uanachama huthibiti wakati wa kuingia. Sura ya Nur katika Kurani, aya ya 27, yawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao pasina kubisha hodi. Lakini hapa nyumba ni yangu, na abishaye ni programu iliyovaa jina langu, ambayo nia yake huenda siijui.

Usingizi wa kamera ni mas'ala mengine. Mfumo waweza kukilaza chombo kisichotumika baada ya sekunde 2, kwa kuhifadhi umeme, na baadhi ya kamera (za bei rahisi hasa) haziamki vyema. Ukiandika on mahali pa auto katika faili ya power/control ya chombo hicho, kamera itakesha. Ila jicho lisilolala, sina hakika kama ningependa kulala nalo chumba kimoja.