Mgonjwa Ana Haki ya Kujua Ni Nani Amsikilizaye

Siku hizi mtu aliyeelemewa na huzuni aweza kupata ushauri pasipo kutoka nyumbani. Huandika katika simu yake yaliyomsibu, na punde hujibiwa. Jambo hili laenea duniani kote, nalo latuletea swali lisilo la mafundi peke yao, bali la kila mzazi: je, faraja ni maneno yenyewe, au ni yule ayasemaye?

Tusianze kwa kulaumu. Madaktari wa maradhi ya akili ni wachache katika nchi zetu, na wengi wao hukaa mijini. Tena aibu ni kufuli nzito: wako wasiothubutu kutamka shida yao mbele ya uso wa mtu, lakini wakiwa peke yao usiku huiandika yote. Mwaka 1953, huko London, kasisi wa Kianglikana Chad Varah alianzisha huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa ya kuishi, ndiyo iliyokuja kuitwa Samaritans. Alitambua kwamba sauti ya mtu asiyeonekana yaweza kumzuia mwenziwe asijiangamize. Umbali peke yake, basi, si ubaya.

Lakini kila njia ina upungufu wake. Mgonjwa akaaye mbele ya daktari huonekana jinsi mikono inavyotetemeka na macho yanavyokwepa. Katika simu hayo hupotea, ila sauti husalia, na hata kimya husikika. Katika maandishi sauti nayo hutoweka: neno «sijambo» la mwenye furaha na la aliyekata tamaa huandikwa kwa herufi zile zile. Mshauri mwema hujua hayo, naye huuliza mara mbili.

Na itakuwaje ikiwa hakuna mtu kabisa? Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu ya kompyuta iitwayo ELIZA, iliyoiga mazungumzo ya daktari wa akili. Haikufahamu neno hata moja. Iliyachukua maneno ya mtu na kuyageuza kuwa swali. Hata hivyo karani wake, aliyejua vema kwamba ni programu tu, alimwomba atoke chumbani apate kuzungumza nayo kwa faragha. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 alitoa kitabu cha kuonya kwamba ziko kazi zisizofaa kuachiwa kompyuta.

Tena, Januari 2023, Rob Morris, mmoja wa waanzilishi wa huduma ya Koko ya Marekani, alieleza kwamba watu wapatao 4,000 walipata majibu yaliyotungwa kwa msaada wa mashine chini ya usimamizi wa watu. Majibu hayo yalipendwa kuliko yale ya watu peke yao, na yalifika upesi zaidi. Lakini, kwa maelezo yake mwenyewe, wapokeaji walipojua kwamba mashine ilishiriki kuyatunga, faraja ilitoweka.

Mwingine atasema: «Basi wasingeambiwa!» Hapo ndipo penye hatari. Faraja inayodumu kwa sharti la kufichwa ukweli ni deni, na siku ya kujulikana mlipaji ni mgonjwa. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Lakini mwanadamu si nyoka wa kutolewa kwa hila. Anayesema «nakuelewa» anashuhudia kwamba naye amepata kulia, na kwamba amekatiza shughuli zake ili akusikilize. Mashine haijapata kulia, wala haina shughuli ya kukatiza.

Hatusemi mitambo itupwe. Yaweza kumkumbusha mgonjwa dawa zake na kumwelekeza hospitali. Lakini ijitambulishe waziwazi tangu neno la kwanza, na mgonjwa mwenye hatari apelekwe kwa mtu bila kukawia.

Nasi wenye nyumba tujihoji. Kijana aandikaye huzuni yake usiku wa manane, huku ndugu zake wamelala chumba cha pili, huenda alikwisha kujaribu kutuambia, tukamjibu: «Jikaze.» Tusiilaumu mashine kwa kukaa katika kiti tulichokiacha wazi.